Waya Unaochukua Sauti

Natumaini nyote mmekwisha kukaa, taa inawaka, na daftari ziko mbele yenu. Somo la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya kitu kidogo kinachokaa nyuma ya kabati pamoja na vumbi, wala hakuna anayekitazama mpaka siku sauti inapokatika. Kitu hicho ni waya unaochukua sauti kutoka mashine ya kupigia sahani mpaka kwenye redio.

Nimechagua somo hili kwa sababu ya barua. Mwandishi wake ni mwanafunzi aliyejua kusoma mwaka jana tu, na barua yake inasomeka vizuri kuliko barua nyingi za maofisini. Anasema darasa lao limepewa deki ya kupigia sidii, na risiva kuukuu yenye spika mbili, ili wapate kusikiliza masomo yaliyorekodiwa. Vyombo vyote ni vizima, ila waya wa kuviunganisha haupo. Basi wakachanga, zikapatikana shilingi 40,000, wakamtuma mzee mmoja wa darasa aende mjini. Mwenye duka alimwonyesha nyaya mbili. Mmoja bei yake ilikuwa shilingi 6,000. Wa pili ulikuwa na vichwa vya rangi ya dhahabu, umelazwa ndani ya sanduku kama saa ya mkononi, na bei yake shilingi 85,000. Akamwambia, "Mzee, huu wa rahisi utaiua sauti." Mzee akarudi na fedha zake mfukoni, hakununua kitu. Sasa darasa linauliza: je, tuchange tena?

Nitawajibu, lakini si kwa neno moja. Maana yule mwenye duka si wa kwanza kusema maneno yale, na sababu ya kuyasema imo katika historia ya waya wenyewe.

Kwanza tupatane juu ya maneno. Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni: deki, risiva, plagi, tundu. Deki ni mashine inayosoma sahani. Risiva, katika somo hili, ni redio iliyo na mashine ya kukuza sauti ndani yake; si kile chombo cha televisheni kinachopokea mawimbi ya dishi. Plagi ni kile kichwa kilichoko mwishoni mwa waya. Tundu ni pale plagi inapoingia. Haya, tuanze safari.

Zamani sahani zilipigwa bila waya wowote. Mnamo mwaka wa 1877 Thomas Edison wa Marekani alitengeneza mashine ya kwanza iliyoweza kushika sauti ya mtu na kuirudisha, lakini yeye alitumia mcheduara uliozungushiwa karatasi ya bati, si sahani. Sahani bapa tunayoijua ilikuja miaka kumi baadaye, mwaka wa 1887, kwa akili ya Emile Berliner, mtu aliyezaliwa katika mji wa Hannover huko Ujerumani, akahamia Marekani akiwa kijana. Likumbukeni jina la mji huo, tutaurudia. Mashine ya Berliner iliitwa gramafoni. Sindano ilipita katika mfereji wa sahani ikitikisika, mtikisiko ukafika kwenye utando mdogo, na utando ukasukuma hewa katika pembe kubwa kama la mnyama. Nguvu yote ilitoka kwenye mkono wa mtu aliyeizungusha. Umeme haukuwamo hata chembe.

Hivyo ndivyo wazee wetu wa pwani walivyosikia sahani. Bibi Siti binti Saad wa Unguja alipokwenda Bombay mwaka wa 1928 kuimba nyimbo zake zitiwe katika sahani, watu waliozinunua sahani zile walizipiga kwa gramafoni za kuzungusha kwa mkono. Kama ungemwuliza mwenye gramafoni ya namna ile habari za waya wa sauti, angekushangaa.

Basi waya ulitoka wapi? Haukuzaliwa katika nyumba ya muziki. Ulizaliwa katika nyumba ya simu ya maandishi, ile ya kupeleka habari kwa kugonga. Na huko ndiko watu walikojifunza, kwa hasara kubwa, kwamba waya si kamba tu. Hapa nataka tukae kidogo.

Mnamo Agosti 1858 kampuni moja ilimaliza kulaza waya chini ya bahari, kutoka kisiwa cha Valentia huko Ireland mpaka Newfoundland, upande wa pili wa bahari ya Atlantiki. Ni masafa ya maili karibu 2,000. Ndani yake mlikuwa na nyuzi za shaba zilizosokotwa pamoja. Juu ya shaba walipaka utomvu mgumu wa miti ya Malaya uitwao gutapacha, ili umeme usivuje majini, na juu yake tena wakazungusha nyuzi za chuma. Malkia Victoria akapeleka salamu kwa Rais Buchanan wa Marekani. Salamu yenyewe ilikuwa na maneno 98 tu. Ilichukua saa 16 kufika!

Kwa nini saa 16? Mtu angedhani umeme unakwenda mbio kuliko kitu chochote. Lakini waya mrefu ni kama bomba refu la mpira laini. Ukifungua maji upande mmoja, lazima kwanza bomba lijae na kutanuka, ndipo maji yatoke upande wa pili. Na ukifunga, bado yanaendelea kuchuruzika. Alama moja ilikuwa haijakwisha kutoka na ya pili imekwisha kuingia, zikachanganyikana, na msomaji wa upande wa pili akaona uji mtupu.

Katika kazi ile walikuwako watu wawili waliobishana. Mmoja ni Wildman Whitehouse, aliyekuwa amesomea udaktari wa kupasua. Yeye aliamini kwamba dawa ni nguvu: alama isipopita, ongeza umeme. Wa pili ni William Thomson, mwalimu wa chuo kikuu cha Glasgow, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin. Yeye alikuwa amepiga hesabu akasema dawa si nguvu. Tumia shaba nene zaidi, ngozi nzuri zaidi ya kuzuia umeme, umeme mdogo, na kule mwisho weka chombo chepesi cha kupokea. Chombo hicho alikitengeneza mwenyewe: kioo kidogo kilichoning'inia kwenye uzi, kikageuka kidogo tu umeme ulipofika, na doa la nuru likatembea ukutani.

Whitehouse hakusikia. Alipoona alama hafifu, akautia waya umeme wa volti karibu 2,000. Waya ule ulikuwa na kasoro tangu mwanzo, lakini pigo lile lilikuwa la kuumaliza. Kabla Septemba haijakwisha waya ulikuwa kimya, na mali yote ya wenye hisa imelala chini ya bahari. Watu wakangoja mpaka mwaka wa 1866, meli kubwa iitwayo Great Eastern ilipolaza waya mwingine uliofuata hesabu za Thomson. Huo ulidumu.

Habari hizi zilitufikia na sisi. Mwaka wa 1879 waya wa namna hiyo uliletwa kutoka Aden mpaka Unguja, ukaendelea kusini kwenda Msumbiji na Durban. Kabla yake, habari kutoka Unguja kwenda Ulaya zilisafiri kwa meli.

Mwaka uliofuata, yaani 1880, Mwingereza mmoja aitwaye Oliver Heaviside alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake wa waya wa namna mpya. Mtu huyu yafaa mmjue ninyi hasa, wanafunzi wa watu wazima. Aliacha shule akiwa na miaka 16. Alifanya kazi ya kupokea simu za maandishi, na usikivu wake ulikuwa umeharibiwa na homa ya utotoni. Hesabu zake ngumu alijifunza mwenyewe, nyumbani, kwa vitabu. Wasomi wa wakati ule walimdharau kwa muda mrefu, na leo mafundi wote wa mawasiliano wanatumia hesabu zake.

Uvumbuzi wake ulikuwa huu. Chukua uzi wa shaba uuweke katikati. Uvike ngozi isiyopitisha umeme. Halafu uvishe kanzu ya shaba inayouzunguka pande zote, kama ala inavyozunguka jambia. Sauti inapita katikati, na ile kanzu ni njia ya kurudia. Faida yake ni nini? Chumba chenye umeme kimejaa mvumo usioonekana. Umeme wa nyumbani kwetu Afrika Mashariki hugeuka na kurudi mara 50 kila sekunde, na kila waya wa taa, kila feni, unautawanya mvumo huo hewani. Waya usiovishwa kanzu huudaka, na spika inaguna: mmmm. Waya wenye kanzu hauudaki, maana mvumo unaishia kwenye kanzu na kupelekwa chini. Heaviside hakuwa akiwaza gramafoni, aliwaza simu. Lakini waya ulio nyuma ya deki yako leo, ukiukata kwa kisu, utaiona kanzu yake humo ndani. Katika nyaya za rahisi sana kanzu huwa ya nyuzi chache, zimetawanyika kama nywele za mzee. Hiyo ni kasoro ya kweli. Ishikeni, nitaitaja tena.

Sasa turudi kwenye sahani. Mwaka wa 1925 makampuni ya Marekani yalianza kuuza sahani zilizorekodiwa kwa umeme. Nyumba za watu zikaanza kuwa na redio za umeme, nazo zilikuwa na spika nzuri kuliko pembe la gramafoni. Basi watu wakafikiri: kwa nini sindano ya gramafoni isitoe umeme mdogo, ukaingia katika redio, redio ikaukuza? Hapo ndipo ndoa ya sahani na redio ilipofungwa, na ndoa hiyo ilihitaji waya.

Katika miaka ya 1930 kampuni ya RCA ya Marekani ilitengeneza plagi ndogo ya kazi hiyo. Ina ncha moja katikati, na pete inayoizunguka. Ilikuwa rahisi kutengeneza, na ilikusudiwa iingizwe mara moja na kuachwa humo. Hakuna aliyedhani itaishi miaka mingi. Lakini nenda sasa hivi ukaangalie nyuma ya deki: ndiyo ile ile! Redio za taa za vioo zimekwisha, santuri za zamani zimekwisha, hata kampuni yenyewe haipo tena kama ilivyokuwa, na plagi yake bado inaingia katika tundu la risiva iliyotoka kiwandani jana. Mafundi wengine huiita kwa jina la kampuni, wengine huita plagi ya fono, kwa sababu ya fonografu.

Ina aibu moja. Unapoichomeka, ncha ya katikati hugusa kwanza kabla pete haijagusa. Kwa nukta hiyo moja kanzu haifanyi kazi, na ikiwa risiva imewashwa, spika itanguruma kwa kishindo. Ndiyo sababu fundi yeyote atakuambia uzime kwanza.

Mpaka hapo plagi ilikuwa moja. Mwaka wa 1958 sahani zenye sauti ya pande mbili zilianza kuuzwa madukani kwa wingi, upande wa kushoto na upande wa kulia, na plagi zikawa mbili. Leo desturi ni hii: nyekundu kulia, nyeupe kushoto. Wakati mwingine nyeupe huwa nyeusi. Ya manjano, ikiwapo, ni ya picha.

Ndani ya risiva nyingi za zama zile mlikuwa na tundu lililoandikwa PHONO. Nitawaambia jambo lililonipata, mcheke. Nilipopata deki yangu ya kwanza ya sidii, niliona neno lile nyuma ya risiva. Nikajisemea, hii ni sahani, basi tundu lake ni hili. Nikachomeka, nikawasha. Sauti iliyotoka ilikuwa kama debe linaloburutwa barabarani. Nikauchukua waya, nikarudi dukani, nikamgombeza mwenye duka mbele ya watu kwamba ameniuzia waya mbovu. Akanipa mwingine. Nikaenda nyumbani, nikapata debe lile lile.

Kosa lilikuwa langu. Sindano ya santuri hutoa umeme mdogo sana, mara nyingi kama sehemu 5 ukiigawanya volti moja katika sehemu 1,000. Tundu la PHONO limewekewa mashine ya ziada ya kuukuza umeme huo mdogo. Tena, sahani za santuri hukatwa kwa kupunguza sauti nzito na kuzidisha sauti nyembamba, kwa kipimo ambacho makampuni ya Marekani yalipatana mwaka wa 1954, na tundu hilo huzirudisha mahali pake. Deki ya sidii nayo hutoa kama volti 2 sauti ikiwa juu kabisa. Pigeni hesabu: volti 2 ni mara 400 ya ile sehemu ya sindano. Mimi nilikuwa nimefanya alivyofanya Whitehouse, ila yeye aliua waya wa bahari na mimi niliaibika dukani. Deki ya sidii huingia kwenye tundu lililoandikwa CD, au AUX. Na mtu akifanya kinyume, akachomeka santuri kwenye AUX, atasikia sauti ya mbali kama ya mtu aliye ndani ya kisima.

Haya, sidii yenyewe. Iliunganishwa akili na makampuni mawili, Philips ya Uholanzi na Sony ya Japani. Mnamo Agosti 1982 sahani za kwanza za kuuza zilitolewa kiwandani Langenhagen, kando ya mji wa Hannover. Mji ule ule alikozaliwa Berliner! Tarehe 1 Oktoba ya mwaka huo deki ya kwanza ikauzwa Japani. Sahani hii ina upana wa sentimeta 12, haina mfereji wa kutikisa sindano, na haiguswi na kitu ila nuru. Sauti imeandikwa kwa tarakimu. Kila sekunde moja ya muziki inapimwa mara 44,100 kwa upande wa kushoto, na mara 44,100 kwa upande wa kulia, na kila kipimo kinaandikwa kwa alama 16 za sifuri na moja. Ukizidisha zote utapata alama 1,411,200 kwa sekunde. Mwenye kalamu na ajaribu.

Lakini spika haijui kusoma tarakimu. Spika inajua mtikisiko tu. Kwa hiyo lazima awepo mkalimani wa kuzigeuza tarakimu ziwe umeme unaotikisika. Mkalimani huyo anaweza kukaa ndani ya deki, au ndani ya risiva. Na hapa, ndugu zangu, ndipo penye uchaguzi wa kweli wa waya. Si katika dhahabu.

Ukitumia nyaya za nyekundu na nyeupe, mkalimani ni wa deki. Sauti inatoka imekwisha kutafsiriwa. Ukitaka mkalimani wa risiva afanye kazi, utapeleka tarakimu zenyewe, na kuna njia mbili za zamani. Ya kwanza ni waya mmoja wa shaba wenye plagi ile ile ya RCA, tundu lake mara nyingi lina rangi ya machungwa. Waya huo umepimwa kwa omu 75. Na siri ndogo: waya wa manjano wa picha nao ni wa omu 75, kwa hiyo fundi asiye na mwingine huutumia huo, na kazi inakwenda. Njia ya pili ilitolewa na kampuni ya Toshiba ya Japani mwaka wa 1983. Huo si waya wa shaba. Ni uzi wa plastiki wenye unene kama wa milimeta 1, na ndani yake inapita nuru nyekundu. Ukiuchomoa deki ikiwa imewashwa utaiona nuru mwishoni, kama jicho la paka. Kwa kuwa hauna shaba, haudaki mvumo wowote wa umeme. Ila haupendi kukunjwa sana, na haufai kwa masafa marefu. Mita 5 zinatosha.

Deki ya kwanza ya DVD iliuzwa Japani mwaka wa 1996, na filamu zake zilikuwa na sauti za spika sita. Uzi wa nuru uliweza kuzipeleka zikiwa zimebanwa. Baadaye zikaja sahani za muziki mzito zaidi, SACD mwaka wa 1999 na DVD-Audio mwaka wa 2000, na hizo hazikuruhusiwa kupita katika uzi ule kwa ukamilifu wake. Watu wakalazimika kuunganisha nyaya sita za shaba kwa deki moja, nyuma ya kabati pakawa kama kiota cha kunguru. Waya wa HDMI, ambao mpango wake ulitangazwa mwishoni mwa mwaka wa 2002, ukakusanya picha na sauti zote katika plagi moja. Darasa letu halihitaji huo, kwa hiyo tuuache.

Sasa tumfikie mwenye duka na sanduku lake. Mpaka miaka ya 1970 karibu kila mtu aliyekuwa na spika aliziunganisha kwa waya wa kawaida wa taa, na waya wa deki alichukua ule uliokuja ndani ya boksi. Mwishoni mwa miaka hiyo, huko Marekani, wafanya biashara wakagundua kwamba waya nao waweza kuuzwa kama pombe ya zamani, kwa jina na kwa hadithi. Bei zikapanda mpaka ukashangaa. Mnamo mwaka wa 2007 James Randi, mtu wa kiini macho aliyegeuka kuwa mpinzani wa ulaghai, alisema taasisi yake itatoa dola 1,000,000 kwa mtu atakayeweza, bila kuona, kutofautisha kwa masikio tu nyaya za spika zenye bei ya dola 7,250 na nyaya nzuri za kawaida. Maneno mengi yalisemwa. Fedha hazikuchukuliwa na mtu, na shindano lile likafungwa mwaka wa 2015.

Sisemi kwamba nyaya zote ni sawa. Nimekwisha kuwaambia habari za kanzu iliyotawanyika. Iko kasoro nyingine, kubwa zaidi: shingo ya plagi. Nyaya nyingi hazifi katikati, zinafia pale shingoni, nyuzi zinapokatika kwa kukunjwa. Na dhahabu? Dhahabu haishiki kutu, na kwa mtu anayekaa pwani, kwenye hewa ya chumvi, hiyo ni faida. Lakini ile iliyopakwa kwenye plagi ni nyembamba sana, na utaipata katika waya wa shilingi 10,000. Masafa nayo hayana neno kwenu. Waya wa Atlantiki ulikuwa maili 2,000. Wa kwenu ni mita 1. Bomba fupi namna hiyo hujaa kabla hujapepesa jicho.

Na kwa waya wa tarakimu jambo ni wazi zaidi. Sifuri na moja, ama zinafika ama hazifiki. Zisipofika, muziki hukatikakatika au hunyamaza. Hakuna waya utakaofanya sifuri iwe tamu zaidi.

Basi, ndugu mwandishi wa barua, msichange tena. Fanyeni hivi. Zimeni vyombo vyote viwili, mtazame nyuma kwa tochi. Someni maneno yaliyoandikwa juu ya matundu. Sasa mnaweza kusoma, wala hamhitaji kuambiwa na mwenye duka. Kwenye deki tafuteni neno OUT. Kwenye risiva tafuteni CD au AUX, na neno IN. Tundu la PHONO liacheni. Pimeni kwa kamba masafa kati ya vyombo hivyo, mwongeze shibiri mbili ili shingo za plagi zisivutwe. Kwa kuwa risiva yenu ni kuukuu, huenda haina tundu la tarakimu kabisa, na hapo nyekundu na nyeupe ndizo zenu, wala hamkukosa kitu: mtu anayesoma somo katika sahani atasikika vizuri sawasawa.

Mzee arudi mjini na kamba hiyo. Dukani aukunje waya taratibu karibu na plagi, aone kama shingo ni imara. Plagi ikae kwenye tundu kwa kubana, isicheze. Waya mwembamba kama uzi wa kushonea asiuchukue, hata kama ni wa shilingi 2,000, maana huo ndio usio na kanzu. Ule wa shilingi 6,000 alioonyeshwa, ukipita mitihani hii, auchukue. Mkiulaza, usilale sambamba na waya wa umeme wa ukutani. Ikibidi vikutane, vikatane kama msalaba. Mkisikia mvumo, sogezeni waya kwanza kabla ya kumlaumu mtu.

Zitabaki shilingi 34,000, toeni nauli ya mzee. Barua ilisema pia kwamba taa ya darasa ni moja, na wanaokaa nyuma hawaoni ubao.

Juma lijalo, saa kama hii, tutasoma habari za betri. Kwaherini.